Kitanda Kilichoungwa Mara Tatu

Jua lilikuwa linazama Fundi seremala alipobeba boksi lake la vifaa kuingia ndani. Kazi ilikuwa imebaki moja tu, kurefusha kitanda cha mtoto wa nyumba ile. Kesho asubuhi gari la kikundi cha kujitolea lingempitia, arudi kwake.

Wiki mbili nzima alikuwa amechapa kazi katika mashamba ya mbali, ambako jirani ni mwendo wa saa moja kwa gari. Wenzake walimsifu kwa moyo wake wa kusaidia. Hakuwaambia kwamba alikuwa anaikimbia nyumba yake mwenyewe. Tangu binti yake wa pekee, aliyeitwa Kidoti kwa alama yake ya shavuni, afariki mwaka uliopita, kimya cha nyumba ile kilikuwa kinamtafuna. Kwa hiyo alimwachia mkewe kimya chote, akaondoka.

Chumba kilinukia sabuni... na udongo uliolowa. Fundi alipiga magoti, akapapasa fremu, akakunja uso. Kitanda kilikuwa kimeshaungwa mara tatu, kila kiungo na mkono wake. Cha kwanza kilikuwa cha fundi hodari. Cha pili, mtu alilipua kazi.

"Nani hawa wameunga, mama?"

"Watu wa kujitolea, kama wewe," alisema mama mwenye nyumba. "Kila mwaka namwomba mmoja. Mwanangu ametimiza miaka kumi sasa. Miguu inagonga ubao, hapati usingizi."

"Kumbe anaifukuzia dari! Mwite basi huyo twiga wetu nimpime."

"Usihangaike. Ongeza vidole vinne. Urefu wake naujua."

Akaenda zake jikoni. Mumewe alikuwa anasubiri nafasi hiyo. Aliingia kwa kunyata, akarudishia mlango.

"Fundi... usikirefushe," alinong'ona.

"Kwa nini, kaka?"

"Mwanetu tulimzika ana miaka sita."

Nywele zilimsimama Fundi.

"Mke wangu hali, halali, anashinda humu akimwimbia. Nitampoteza na yeye. Kitanda kisipomtosha mtoto, labda ataenda akapumzike. Nakuomba, ndugu yangu. Kiache hivyo hivyo."

Ko.

Ubao wa miguuni ulitikisika chini ya kiganja chake.

Ko... ko...

Shuka lilikuwa limebonyea katikati. Fundi alinyoosha mkono, akagusa pale palipobonyea. Palikuwa na joto, lile joto la mtoto aliyelala muda mrefu. Baba wa mtoto aligeukia ukutani, akalia bila sauti.

Mwingine angetimua mbio. Fundi alimkumbuka Kidoti, alivyokuwa akilala amejikunja, na moyo ukamvunjika upya.

"Nisamehe, kaka. Siwezi kumnyima mtoto pa kulala."

Alikata ubao, akaunga kiungo cha nne. Kugonga kukakoma. Ikasikika pumzi ndefu ya mtu anayegeukia upande wa pili... kisha kimya. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu huku machozi yanamtiririka. Alikuwa amekonda mno. Asubuhi mumewe hakutoka kumuaga Fundi.

Jioni iliyofuata Fundi alifika kwake. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, amejifunika khanga, macho mekundu.

"Baba Kidoti, nimechanganyikiwa au? Tangu uondoke, kila jioni nasikia vinyayo. Vinaingia chumbani kwake, vinasimama kidogo, vinatoka."

"Shh..."

Vilikuja. Vinyayo vya miguu mitupu, vyepesi. Vilipita mbele yao, vikaingia kile chumba.

Vikasimama.

Chumba kilikuwa kitupu. Wiki moja baada ya mazishi, Fundi aliona hawezi kukitazama kile kitanda kidogo, akakitoa nje na kumpa mpita njia wa kwanza.

Vinyayo vikatoka tena, polepole, vikaelekea sebuleni.

"Anatafuta nini mwanangu?" mkewe alinong'ona.

Fundi alilifungua boksi la vifaa. Akatoa msumeno. Akatoa futi yake ya kupimia, akaivuta, akaiweka juu ya ubao uliokuwa umeegemezwa koridoni.

Hapo ndipo mkono ulipomganda. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na hakujua binti yake amefikia urefu gani.