Tundu la Sita

Kila alasiri, Sindano akishavua sare ya shule na kula, alikuwa na kazi moja isiyokwisha: kupaka nta uzi. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana ya baba yake, akauburuta uzi juu ya bonge la nta mpaka ukakakamaa, kisha akampa Fundi Kobe. Jina la Sindano alipewa na baba yake kwa wembamba wake. Jina la Kobe lilitoka kwa wateja, kwa sababu fundi huyo hakuharakishwa na mtu. Ukimwambia una haraka, alikuuliza unataka kiatu au unataka haraka.

Baba na Fundi Kobe walishona makubazi ya ngozi pamoja tangu kabla Sindano hajazaliwa. Vigezo vyao, yaani zile karatasi ngumu zinazowekwa juu ya ngozi ili ikatwe kwa umbo sahihi, vilikaa ndani ya sanduku la bati. Sanduku lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Kobe, na mwingine, wa baba, ulining'inia msumarini nyuma ya mlango.

Kigezo cha mkanda kilikuwa na kichekesho chake. Sindano alipokuwa na miaka minne aliokota msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, akatoboa tundu la sita pembeni kabisa mwa karatasi. Baba alicheka, karatasi akaiacha vivyo hivyo. Tangu siku hiyo mafundi waliliita tundu la bosi, na wakati wa kukata waliliruka. Makubazi yote yaliyotoka pale yalikuwa na matundu matano.

Jumatatu moja, rafiki yake wa dawati moja alikuja shuleni na makubazi mapya. Kwa kawaida msichana huyo alivaa kandambili zilizofungwa kwa waya, kwa hiyo siku hiyo alitembea akitazama miguu yake mwenyewe. Alisema yametoka ng'ambo, yamejaa tele sokoni, na bei yake hata bibi yake aliimudu. Sindano alimpongeza. Kisha akainama, akahesabu matundu ya mkanda. Yalikuwa sita.

Aliporudi nyumbani alikuta baba amekwisha kununua jozi moja kama ile na kuiweka juu ya meza ya kazi. Baba alikuwa akiongea polepole, na Sindano alijua hiyo ni dalili mbaya.

"Wangenakili kiatu chetu, wangepata matundu matano," baba alisema. "Aliyetengeneza haya aliiona karatasi. Na sandukuni tunaingia wawili tu, Kobe. Mimi na wewe."

Fundi Kobe aliutazama ule mkanda. Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaweka ufunguo wake juu yake, akatoka. Sindano alibaki na uzi mkononi. Alijua ni nani mwingine aliyefungua sanduku lile.

Ilikuwa wakati wa likizo. Baba na Kobe walikuwa wamekwenda kuchagua ngozi, na shangazi, dada yake baba, akapita na simu yake kubwa. Shangazi huyu baba alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, na mpaka leo baba alipeleka makubazi yake kwenye duka la dada huyo kabla ya duka lingine lolote. Alimwomba Sindano amfungulie sanduku apige picha za vigezo awaonyeshe wateja. Tena asimwambie baba, wanataka kumfurahisha kwa ghafla. Sindano alichukua ufunguo wa msumarini, akazipanga karatasi sakafuni, na shangazi akaweka rula kando ya kila moja. Mtoto wa fundi angejiuliza rula ya nini kama ni picha za kuwaonyesha wateja tu. Sindano hakujiuliza, kwa sababu aliyeomba alikuwa shangazi yake.

Kobe alipokwisha kutoka, Sindano alikwenda dukani kwa shangazi moja kwa moja. Maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na makubazi ya baba yamesukumwa kwenye rafu ya chini, nyuma ya ndoo. Sindano aliuliza kama picha zile ndizo zilizoleta mzigo huu. Shangazi hakukana. Alieleza kwa utulivu kwamba alizituma kwa simu kwenye kiwanda cha mbali, jibu likaja siku ileile, na baada ya miezi miwili kontena likashuka bandarini.

"Nisingeleta mimi angeleta mwingine, mwanangu. Dunia siku hizi ndivyo ilivyo," alisema, akimkabidhi boksi moja. "Chukua na wewe. Na hili libaki letu."

Sindano aliliacha boksi juu ya kaunta. Njiani alilia kwa hasira, na uchungu wake ulikuwa mara mbili: shangazi amemgeuza yeye kuwa mwizi wa baba yake, na bado anamwita mwanangu.

Hata hivyo, hakusema. Tuseme ukweli, aliogopa. Siku tatu baba alifanya kazi peke yake, akipaka nta uzi wake mwenyewe. Siku ya nne Sindano alimwona akinyoosha mkono pembeni kuomba msharasi, kama alivyozoea, na mkono ukabaki hewani. Hapo akashindwa kuvumilia. Alisema yote: ufunguo, rula, simu, maneno ya shangazi.

Baba alikaa chini. Hakumpiga wala hakufoka. Aliuliza jambo moja tu, kama ni dada yake kweli, na Sindano alipoitikia, akafunika uso kwa mikono yake iliyojaa gundi. Kisha akasimama, akamshika Sindano mkono, wakaenda nyumbani kwa Fundi Kobe. Mlangoni baba alisema, "Nimekukosea, ndugu yangu. Sina la kujitetea." Kobe aliwakaribisha ndani.

Alirudi karakanani siku ya Jumatatu. Siku hiyohiyo yule rafiki wa Sindano alikuja amebeba kiatu mkononi. Mkanda ulikuwa umechanika kwenye tundu la sita, lililokaa karibu mno na ukingo, na nyuma yake walikuwa wamesimama watoto wengine wawili wenye shida ileile. Baba alisema wavipeleke vilikotoka, hataki kuona kitu cha ng'ambo humu ndani.

"Basi tupa na uzi huu, na gundi, na cherehani," Fundi Kobe alisema, akikipokea kiatu. "Vyote vilikuja kwa meli." Akamgeukia Sindano. "Sikiliza, binti. Dunia imekaribiana. Picha inaondoka hapa mchana na kurudi na kontena. Mtoto huyu amepata kiatu, sisi tumepungukiwa wateja, na yote mawili ni kweli. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini meli haikufungua sanduku letu. Lilifunguliwa na watu wa nyumbani, kwa siri. Mtu akikwambia usimwambie baba yako, habari hiyo ndiyo ya kwanza kumwambia baba yako. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nililala siku nne nikiitwa mwizi."

Sindano alimwomba radhi huku machozi yakimdondoka. Kobe aliitikia kwa kichwa, akashona mkanda, na tundu la sita akaliziba kwa kiraka cha ngozi.

Baba alimsogezea Kobe mezani ule ufunguo aliouacha juu ya aproni. Kobe aliutazama, akasema uendelee kukaa hapo kwanza. Ukakaa wiki nzima, kila mtu akiuzunguka wakati wa kazi. Jumatatu iliyofuata Sindano aliingia na uzi wake, akakuta ufunguo haupo mezani, na Fundi Kobe akitembea, mfuko wa aproni unalia.