Nilitoa Siri ya Bi Rukia, Shoga Yangu Akaifanya Filamu

Nina miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Ole, Pemba. Nimehangaika Tanga, Mombasa, Muskati... na kokote nilikolala niliikumbuka kambi yetu ya skauti wa kike, na kiongozi wetu, Bi Rukia.

Bi Rukia hakujua kusoma. Tukiwa porini alikuwa akitupatia ramani na kusema, "Someni nyie, nione kama mmeelewa." Ni mimi peke yangu aliyenieleza ukweli, nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa kuwa alihitaji mtu wa kumsomea barua za mumewe. Aliniapisha.

Mwaka jana shoga yangu Salma, tuliyekuwa naye kikosini, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akitengeneza filamu ya kuchekesha, ya kutazama familia nzima, kuhusu wasichana wa skauti. Alitaka kumbukumbu. Jamani, upweke! Nilizungumza wiki nzima... hata lile la ramani nikalitoa. Nilimwomba liishie kwake. Akaapa.

Filamu ilipoonyeshwa Tibirinzi, kwetu Pemba, mimi mwenyewe nilimfuata Bi Rukia, nikamkalisha mbele na wajukuu zake. Alivaa buibui jipya.

Kwenye skrini akatokea kiongozi mnene, ramani kaigeuza juu chini, anawapoteza wasichana kwenye mikarafuu. "Someni nyie, nione kama mmeelewa." Neno kwa neno! Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Mjukuu wake mdogo akauliza, "Bibi, si ndivyo unavyotwambia tukikuletea madaftari?"

Bi Rukia alinigeukia mimi. "Kumbe siku zote zile mkinicheka," akasema, akainuka na wajukuu zake.

Nilimpigia Salma nikilia. Akaniambia, "Shoga, filamu ya kuchekesha hiyo. Ulitaka watu walie?"

Nimekwenda Ole mara tatu. Bi Rukia ananipokea vizuri, ananimiminia chai, tunazungumza mvua na karafuu. Nikianza tu kuomba radhi, anainuka kwenda kutia udhu. Nasikia wajukuu hawampelekei tena madaftari...

Salma alinisaliti, na sitamsahau. Lakini yeye alivunja ahadi ya miezi michache. Mimi nilivunja ya miaka ishirini na minane!

Wasomaji wenzangu, nilidhani nasimulia utoto wangu, kumbe nasimulia aibu ya mtu aliye hai. Nawasihi, hata mkilemewa na upweke namna gani, cha mtu kiacheni kwa mwenyewe.