Usingizi wa Mwenzio

Jua lilikuwa linazama mshonaji aliporudi kiwandani kufuata funguo za nyumba, alizozisahau kwenye droo ya cherehani. Mlinzi alimfungulia geti shingo upande.

"Chukua funguo, utoke," alimwambia kwa sauti ya chini. "Swichi usiiguse."

Hakuna aliyeigusa. Tangu tajiri mpya akinunue kiwanda, taa za ukumbi wa kushonea hazikuzimwa hata siku moja, watu wawepo wasiwepo. Taa nyeupe, kali, pande zote, mpaka chini ya meza. Mwanzoni mafundi walitania kwamba humo hata sindano ikidondoka inaona aibu kujificha. Baadaye utani ukaisha. Mmoja mmoja, wakaanza kukosa usingizi. Mshonaji mwenyewe, huu mwezi wa nne, alikuwa hapati zaidi ya lepe. Akifumba macho, weupe ule ule unamngoja ndani ya kope. Juzi alijishona kidole, asihisi kitu mpaka damu ilipochafua kitambaa.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Taa zilivuma kama nyuki. Funguo alizipata, lakini kichwa kilikuwa kinampasuka, na swichi ile kubwa ilikuwa pale pale, kando ya mlango. Akajiambia ni kidogo tu, ayapumzishe macho.

Akaizima.

Giza... Kimya...

Kisha mtu akakoroma.

Chini ya meza. Halafu mwingine. Halafu ukumbi mzima ukajaa pumzi za watu waliozama usingizini, na harufu ya matandiko yenye joto. Mkoromo wa mpiga pasi aliujua, ule unaomalizia kwa mluzi. Kikohozi cha fundi wa kola, jirani yake wa meza, alikijua pia. Wote hao walikuwa wameagana saa moja iliyopita, wakaenda makwao.

"Nani?" alinong'ona.

Zikamjibu nyayo. Zilitoka upande wa stoo, bila haraka, zikisimama kwenye kila meza. Na kila ziliposimama, mkoromo mmoja ulikatika.

Akapiga magoti, akapapasa sakafuni. Mkono ukagusa kitu laini, cha moto, chepesi kama kichanga. Hakujiuliza ni cha nani. Alikikumbatia kifuani, akakimbia. Nyuma yake, taa ziliwaka zenyewe.

Usiku ule alilala fofofo. Asubuhi mumewe alimchemshia chai kwa furaha, akamsimulia kwamba amelala kama gogo, ila alikuwa akiongea ndotoni.

"Ulikuwa unambembeleza mtoto," alisema. "Mpaka ukamtaja jina."

Hawakuwahi kupata mtoto.

Kiwandani, fundi wa kola alikuwa keshafika, macho mekundu. Alilalamika kwamba hata kale kausingizi alikokuwa akikapata alfajiri, akishamnyonyesha mwanawe, leo hakukaona. Kisha akamtazama mwenzake usoni, akamtazama sana.

"Wewe umelala, dada."

Mshonaji akainama, akatunga uzi. Angeweza kusema. Angeweza kurudi jioni ile, akazima tena, akakirudisha kilipokuwa. Lakini zile nyayo...

Jioni alikwenda moja kwa moja nyumbani, akapanda kitandani hata kabla ya kula. Alipofumba macho, kule ndani gizani, kichanga kilianza kulia.

Akakinyamazisha, akalala.