Kifuu cha Babu na Nondo za Roshani

Kila akitoka shule, Mehjabeen alipitia kwanza karakana ya baba yake, Bwana Fidahussein, pale Ngamiani. Alivua viatu mlangoni mwa ofisi, akachukua kitambaa laini, akafuta vumbi la chuma juu ya kompyuta. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya Tanga yalianza kujaa tena, baada ya watu kuchoka kupanga foleni hata ya sabuni. Kompyuta hiyo ilitoka Dubai, kuukuu kidogo, lakini karakana nzima iliinyenyekea utadhani sultani amekuja mjini.

"Futa tu, mama," baba yake alimwambia. "Kazi ikiwa wazi usiiguse. Siku nitakapokufundisha, jambo la kwanza ni kuhifadhi. Taa ikianza kufifia, hifadhi. Mgao wa umeme hauna rafiki."

Juu ya meza, kwenye msumari, kilining'inia kifuu cha nazi chenye macho matatu. Kilikuwa cha babu yake Mehjabeen, Mungu amrehemu. Babu hakuijua kompyuta. Alipomaliza kuchomelea ukingo wa ngazi au roshani, alijaribu kupitisha kifuu kati ya nondo na nondo. Kikipita, alisema, "Na kichwa cha mtoto kitapita," akakata akaanza upya. Tangu kompyuta ije, kifuu hakikuteremshwa tena.

Ijumaa moja baba alikwenda msikitini akaiacha kazi wazi. Ulikuwa mchoro wa ukingo wa roshani kwa ajili ya Bi Tausi, mwalimu aliyepunguzwa kazini, naye akafungua chekechea katika nyumba kuukuu ya ghorofa kule Raskazone. Mehjabeen alikuwa amemwona baba akiuchora. Alichora nondo moja tu, kisha akaiambia mashine kila nondo ikae umbali gani na mwenziwe, na ziwe ngapi. Nyingine zote zikajipanga zenyewe. Kwa Mehjabeen ulikuwa muujiza, naye akatamani kuuona tena.

Palipoandikwa sentimita kumi, akaandika kumi na tano. Loo! Nondo zote zikasogea kwa pamoja, za mwisho zikatoka nje ya ukuta zikasimama hewani. Mehjabeen akacheka hadi machozi. Akapunguza idadi mpaka zikatoshea tena baina ya kuta mbili, zimenyooka vizuri. Sasa alitaka kuzirudisha kama zilivyokuwa. Mara taa ikafifia, na kidole chake, kwa yale mafunzo ya baba, kikabonyeza kuhifadhi. Umeme ukakatika.

Ulirudi alasiri, baba akiwa amekaa na Bi Tausi mwenyewe. Palepale akauchapa mchoro, akampa fundi wake, Miraji.

"Hujaupima tena, Baba?" Mehjabeen aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kompyuta haikosei, binti yangu," baba alijibu, huku akimtazama mteja wake kwa fahari.

"Mashine ikishasema, sisi ni nani?" Miraji akacheka, akaenda kukata chuma. Hakukitazama kifuu. Mehjabeen alifungua mdomo, akaufunga. Aliogopa kipigo, lakini zaidi aliogopa kwamba hataruhusiwa tena kuigusa ile mashine. Akajiambia atasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na ukingo ukafungwa Raskazone.

Tangu hapo hakuwa na raha. Akitazama dirisha la darasani, aliona nafasi kati ya nondo. Akichana nywele, aliona nafasi kati ya meno ya chanuo. Na kile kifuu! Kila alipoingia ofisini kilimkodolea macho. Siku moja akakigeuza kielekee ukutani. Kesho yake alikikuta kimegeuka tena, kinamtazama. Labda Miraji alikigusa, labda upepo. Mehjabeen hakuthubutu kuuliza. Alifuta vumbi ameinamisha kichwa.

Mdogo wake, Rizwan, alisoma katika chekechea hiyo, na baadaye Mehjabeen alitakiwa awe akimchukua mchana. Watu walisema nyumba ile ina wenyewe, yaani majini. Ndiyo maana ilikaa tupu miaka mingi. Mchana mmoja alimkuta Bi Tausi na mlinzi, Mzee Idarusi, wamesimama chini ya ngazi, nyuso zimesawijika kwa hofu. Watoto wachache waliobaki walikuwa wamekusanyika getini. Kutoka juu ilisikika sauti ya kilio, ikija na kupotea kwa upepo wa baharini.

"Shikamooni. Nani analia?"

"Marahaba. Rudi nyuma, mwanangu!" Mzee Idarusi akasema, akivuta tasbihi haraka haraka. "Hao ni wenyewe. Niliwaambia nyumba hii isomewe dua kwanza."

"Watoto wote wameteremka," Bi Tausi alisema, kama anayejituliza mwenyewe. "Uweso tu ndiye simwoni, naye amechukuliwa na bibi yake."

Rizwan akamvuta dada yake sketi. "Dada, bibi yake hajaja. Uweso alisema anakwenda kuona meli."

Mehjabeen akatazama juu. Meli zinaonekana kutoka roshani. Aliogopa majini kama mtoto yeyote wa Tanga, tena sana, lakini alijua kitu ambacho wale wazee wawili hawakukijua. "Si jini!" akapiga kelele. "Ni mtoto, amenasa!" Akapanda ngazi mbio.

Uweso alikuwa ametoa kichwa nje kati ya nondo mbili, masikio yamemzuia kukirudisha. Sauti ilikuwa imemkauka. Katika kuhangaika, mguu mmoja na bega vilikuwa vimekwisha kupita upande wa pili, na chini kulikuwa na sakafu ya mawe. Mehjabeen akamkumbatia kiunoni, akamng'ang'ania. "Tulia, mdogo wangu. Nimekushika. Sikuachi."

Bi Tausi naye akafika, akamshika mtoto miguu huku analia. Mzee Idarusi alikwenda kwa baiskeli kuita msaada. Baba na Miraji walikuja na jeki ya gari, wakaiweka kati ya nondo, wakaitanua pole pole mpaka zikapinda, na Uweso akatolewa, shingo imechubuka lakini mzima.

Hapo Bwana Fidahussein akapima nafasi kwa kiganja chake. Uso ukambadilika.

"Miraji! Ni nini hiki? Umekata kwa macho? Ungemuua mtoto wa watu! Kesho usije kazini!"

"Wallahi, bwana, nimefuata mchoro."

"Mchoro niliuchora mimi!"

Miraji akainama kuokota jeki. Alikuwa na watoto wanne na hana kazi nyingine. Lakini safari hii Mehjabeen hakuufunga mdomo.

"Baba, usimfukuze. Ni mimi. Nilicheza na mchoro wako, nikabadili nafasi, umeme ukakatika. Nikaona nondo zinafungwa, nikanyamaza."

Baba alikaa kwenye ngazi.

"Ulipobonyeza ulikuwa mtoto anayecheza," alisema mwishowe. "Hilo ningelisamehe siku ileile, tukalifuta kwa dakika moja. Lakini uliponyamaza, mashine ikalirudia kosa lako ukuta hadi ukuta, na kila nafasi ilikuwa ikimngoja mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua, Mehjabeen. Leo kingetuumbua kwa mtoto wa mwenzetu. Na mimi nina langu. Nilijivuna, nikaona aibu kupima kwa kifuu cha baba yangu. Miraji, nisamehe."

"Tumekosa sote, bwana," Miraji akajibu. "Nami mikono yangu ilikifahamu kile kifuu."

Nondo zote zikang'olewa, zikachomelewa upya bila Bi Tausi kudaiwa hata senti. Kazi ilipokwisha, baba alimkabidhi Mehjabeen kifuu mbele ya watu wote. Akapita nacho roshani nzima, nafasi baada ya nafasi, akikisukuma kwa nguvu. Kote kiligoma. Uweso alimfuata nyuma, shingo yake bado ina kovu, naye akikisukuma pia na kucheka.

Upepo ukavuma kutoka baharini ukapita kati ya nondo, ukalia kwa sauti nyembamba kama kilio cha siku ile. Mehjabeen akasimama ghafla, akageuka kumtafuta Uweso. Alikuwa pale pale, amemshika sketi. Akarudi mwanzo wa ukingo, akapima tena.