Nyongeza ya Mzee Gaspari

Kila jioni, akishavua sare za shule, Oliva alichukua kikapu na kwenda kununua makopo mawili ya mkaa kwa Mzee Gaspari. Mzee huyo alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, naye akaona asikae bure; akapanga magunia yake kando ya ukuta wa zahanati, mtaani Lizaboni. Alipima kwa haki. Akimaliza, alitia kipande kimoja kikubwa juu na kusema, "Hiyo nyongeza, mjukuu wangu. Msalimie mama."

Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umekwisha, na kuta za mji zilikuwa zimejaa maandishi: huyu mpeni, yule msimpe. Wakubwa wa mji wakazipaka chokaa. Gari la matangazo likazunguka likisema kwamba atakayeandika kwenye ukuta wa umma atatozwa faini, na akiwa mfanyabiashara ataondolewa mahali pake. Oliva alisikia vizuri kabisa. Masikio yake hayakuwa na tatizo. Ni kichwa tu kilichokuwa kwenye netiboli.

Siku timu ya mtaa wao ilipowafunga wasichana wa Matogoro, Oliva alifika kwa Mzee Gaspari akiwa hatulii kwa furaha. Alipimiwa mkaa, akapewa na nyongeza yake. Mzee alipoingia uani mwa zahanati kunywa maji, Oliva aliitoa ile nyongeza kikapuni, akaandika kwa herufi kubwa kwenye chokaa mpya: LIZABONI KIBOKO YA MATOGORO. Akakimbia nyumbani akicheka.

Asubuhi mgambo walifika. Maandishi ni ya mkaa, na muuza mkaa ameketi chini yake. Watafute nini tena? Mzee Gaspari alisema hakuandika yeye. Hawakumwamini. Hakuwa na fedha ya faini, hivyo magunia yake yakapakiwa garini. Oliva alikuwa akipita kwenda shule, akayaona yote. Mzee alimtazama mara moja, kisha akainamisha kichwa.

Tangu hapo Oliva alijiambia atasema kesho, na kesho ikifika aliisogeza mbele. Jirani mmoja alipokuja kumwambia mama yake kwamba yule mzee ni mhuni, na mvi zake ni za bure, Oliva akaangua kilio na kueleza yote. Mama Oliva hakumchapa. Alimshika mkono, wakaenda kwenye ofisi ya mji.

Afisa aliwasikiliza, akaagiza magunia yarudishwe na Oliva aupake ukuta chokaa mwenyewe. Alipaka mchana kweupe, wenzake wa netiboli wakipita na kumwangalia. Aliona aibu, lakini aibu hiyo aliistahili. Kilichomuumiza ni kibanda cha soda kilichosimama palipokuwa na magunia. Mwenye kibanda alikuwa amekwisha kupewa kibali cha kukaa hapo. Mzee Gaspari alikuwa amehamia mbali, kwenye njia ya kwenda Matogoro, ambako wapitaji ni wachache.

Oliva na mama yake walimfuata huko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Oliva aliomba msamaha. Kisha akauliza, "Babu, ulijua kwamba ni mimi?"

"Nilijua. Kile kipande nilikupa mwenyewe," alisema mzee bila hasira. "Nilidhani utasema."

Akampimia makopo mawili. Akatia nyongeza juu, kama kawaida yake.

Wakati wa kurudi, walipokaribia zahanati, mama yake alisema, "Ukuta ule ni wa kila mtu, mwanangu. Ukiuchafua, hujui mzigo utamwangukia nani. Na ukikosa, sema siku ile ile. Wewe ulichelewa. Ukuta umepona, lakini babu hakurudishiwa mahali pake."

Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata doa. Oliva alipita mbele yake na kikapu kichwani, akashindwa kuutazama.