Tofali Bubu

Kila asubuhi, kabla rimu kuukuu ya gari haijagongwa kuwaita wanafunzi, Chiriku alikuwa ameshachuchumaa kando ya tanuri akigonganisha matofali. Alishika moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto, akayagonganisha huku ametega sikio. Tofali lililoiva hulia, ti, kama kikombe cha bati. Lisiloiva hutoa kishindo kizito tu, pu, basi. Hilo mafundi waliliita tofali bubu, na kazi ya Chiriku ilikuwa kulitenga lisije likaingia ukutani.

Kazi hiyo alipewa na mjomba wake, kaka yake mama, ambaye alikuwa fundi mwashi. "Masikio yako ni mazuri," mjomba alimwambia. "Tatizo ni mdomo. Ukipiga tofali, nyamaza ulisikilize." Mtoto huyo hakuitwa Chiriku bure. Aliongea tangu anapoamka hadi usingizi unapomchukua, na mama yake alidai kwamba hata usingizini aliendelea.

Shule yenyewe ilikuwa zizi la mbuzi. Si utani. Mwalimu alipofika na mkoba mmoja na ubao aliouchonga mwenyewe, hapakuwa na pa kufundishia, ndipo mfugaji mmoja akahamisha mbuzi wake. Watu walikwangua samadi, wakamwaga mchanga, wakaweka magogo ya kukalia. Jua likiwaka, harufu ya mbuzi ilirudi kudai mahali pake. Watoto wa ng'ambo ya mto waliwaita wenzao "wasomi wa mee", na jina hilo liliuma. Mvua ikinyesha ndiyo ilikuwa balaa, maana paa lilivuja kila upande. Mwaka huo mtoto mmoja wa darasa la kwanza alilowa, akashikwa na kifua, akafa. Baada ya mazishi wazazi walikubaliana kujenga darasa la matofali ya kuchoma.

Watoto walikanyaga udongo, kina mama wakateka maji, kina baba wakakata kuni. Bahati mbaya kuni za upande mmoja wa tanuri zilikuwa mbichi, na moto haukufika huko. Tanuri lilipofunguliwa, fungu la bubu likazidi kukua mbele ya Chiriku, na mawingu nayo yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Wewe ndiye unayetuchelewesha," rafiki yake, waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alimwambia. "Ukitupa yote hayo, ukuta utaishia kiunoni. Tutarudi kwa mbuzi."

"Mjomba kasema bubu haliingii ukutani."

"Tofali ni tofali, bwana. Likishapigwa lipu, nani atalisikia?"

Chiriku alicheka, kisha akawaza. Alikuwa amechoka kuitwa msomi wa mee. Akachota vumbi jekundu la matofali yaliyoiva, akasugua yale hafifu mpaka yakafanana na yaliyoiva, akayachanganya katikati ya fungu zuri. Twiga akamsaidia kubeba.

Jioni mjomba aliuliza, "Umeyapiga yote?"

"Yote, Mjomba."

Na kweli alikuwa ameyapiga yote. Mjomba akamwamini, akaendelea kujenga.

Darasa lilipokamilika watu walifurahi mno. Watoto walipapasa kuta kwa viganja. Mwalimu aliandika tarehe ubaoni kwa maandishi makubwa, akawaambia kwamba mwaka ujao watajenga darasa la pili, na baadaye la tatu, hadi shule ijae pande zote za uwanja. Hata watoto wa ng'ambo walikuja kuchungulia dirishani, na Twiga hakuwaacha waondoke hivihivi, akawauliza kama wamepotelewa na mbuzi.

Kisha mvua ikashuka, na haikuwa mvua ya mchezo. Ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, maji yakatuama nyuma ya darasa na kulamba ukuta. Matofali mabichi yakaanza kunywa maji. Ndani hakuna aliyeona kitu, maana lipu ilikuwa safi.

Siku hiyo walikuwa kwenye hesabu. Mwalimu alikatiza maneno, akageuza kichwa kuufuata mlio wa ufa ukutani, kisha akaruka na kuwasukuma kwa nguvu watoto wawili waliokaa chini ya dirisha. Ukuta ukaanguka. Watoto walipona. Mwalimu alilala kifudifudi, na mguu wake mmoja ulikuwa chini ya matofali kuanzia gotini. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Tokeni nje. Tokeni nje wote." Walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka hospitali, na huko mguu ukakatwa.

Tangu saa ile Chiriku hakuongea. Nyumbani alijibu kwa kichwa. Chakula alikigusa tu.

"Mwanangu, umekuwaje?" mama yake alimwuliza. "Nyumba hii imepoa kama ya wafiwa. Mjomba wako hali chakula, na wewe huongei. Nimshike nani, nimwache nani?"

Chiriku aligeukia ukutani. Alitaka kusema, lakini kila alipofungua kinywa alikifunga tena. Aliogopa kipigo, na zaidi ya kipigo aliogopa macho ya watoto wenzake.

Mwenyekiti wa wazazi, mwenye mashine ya kusaga, aliitisha mkutano mbele ya darasa lililobomoka. Watu walikuja na hasira. Mmoja alisema fundi alikuwa amelewa. Mwingine akasema fundi ameiba saruji akajengea kwake. Mjomba alisimama katikati, kofia mkononi.

"Jitetee basi," mwenyekiti alisema.

"Ukuta niliujenga mimi, na umeanguka," mjomba alijibu. "Nijitetee kwa lipi?"

"Basi uhame kijiji hiki, usijenge tena hapa hata choo. Na hizi kuta zilizobaki tuzibomoe leo. Hatuwezi kuzika watoto kwa ajili ya shule. Anayetaka mwanawe asome, atajua mwenyewe pa kumpeleka."

Hapakuwa na pa kuwapeleka, na kila mtu alilijua hilo. Mama yake Chiriku alijifunika uso kwa mtandio akalia waziwazi. Vijana wawili walishika nyundo. Hapo Chiriku akainuka. Alikwenda kwenye kifusi, akaokota matofali mawili, akasimama mbele ya mwenyekiti, akayagonganisha.

Pu.

"Hili ni bubu," alisema. Sauti yake ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Na hili. Mjomba alinipa kazi ya kuyatenga. Mimi niliyapaka vumbi nikayapitisha, kisha nikamwambia nimeyapiga yote. Mjomba hakujua."

Kisha mama mmoja akasema, "Mtoto mbaya huyu," na wengine wakaunga mkono. Chiriku hakukimbia. Twiga alitoka nyuma ya watu, machozi yakimtiririka, akasimama kando yake. "Mimi ndiye niliyemshauri," alisema. "Na nilibeba."

Mjomba alikwenda akasimama kando ya mpwa wake. Alivaa kofia yake. "Kosa ni la hawa watoto, na ni langu pia," alisema. "Kazi ya mtu mzima nilimwachia mtoto, nami sikurudia kupiga hata tofali moja. Kabla hamjabomoa, nipeni nafasi nizipige hizi kuta zilizobaki. Zikiwa bubu, nitabomoa mwenyewe kisha nihame."

Alipita na nyundo ndogo, akagonga tofali moja baada ya jingine kwa nje, ambako hakukupigwa lipu, watu wote wakitega sikio. Kuta mbili zililia, ti, ti, ti. Ya tatu ilikuwa bubu upande mmoja, wakaishusha hadi msingini. Jioni hiyo hakuna aliyetaja tena kuhama.

Watoto walirudi zizini msimu mzima, wakubwa wakiwafundisha wadogo, na safari hii hakuna aliyelalamika juu ya mbuzi. Kiangazi kilipoingia walifyatua matofali upya. Kila tofali lilipigwa na Chiriku, likapigwa tena na mjomba, ndipo likaingia ukutani.

Darasa liliposimama tena, mwalimu alirudi kwa mkongojo, suruali imekunjwa na kufungwa gotini. Chiriku alimwendea, akapiga magoti.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe," mwalimu alisema. "Lakini sitakudanganya. Kusamehe hakuoteshi mguu. Kila asubuhi nikiamka nitaukumbuka, na wewe utaukumbuka." Alimwacha alie kidogo, kisha akamwinua. "Sasa nisikilize, nanyi wote msikilize. Uongo ukiufunika kwa lipu, unasubiri siku watu wamejaa ndani ndipo uanguke. Huyu mwenzenu alichelewa kusema, na kuchelewa kwake kumenigharimu. Hata hivyo alisema wakati bado kuna ukuta wa kuokoa. Angenyamaza, leo mngekuwa mnachunga mbuzi, na mjomba wake angekuwa amefukuzwa kwa kosa la mwingine. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo."

Aliegemea mkongojo, akanyoosha mkono kuelekea fungu la matofali ya darasa la pili. "Haya, Chiriku, nipe mawili."

Chiriku alimpa. Mwalimu aliyashika akayagonganisha kando ya sikio lake, akaitikia kwa kichwa, akampa mjomba, na mjomba akayaweka kwenye msingi.