Duane Alivyomuuza Bintiye Redioni

Nyinyi majirani mnaopenda kusema "siasa haiingii nyumbani kwangu," hebu sogeeni niwasimulie ile iliyoingia nyumbani kwa Duane Terpstra. Na mlango aliifungulia mwenyewe.

Kabla ya majira yale, nyumba ya Duane ilikuwa nyumba ya raha. Yeye ni mkulima wa mahindi na soya, maili tatu kutoka hapa mjini Harlow Creek, mtu wa kucheka mpaka kofia imdondoke. Mkewe Marlys ni mpole, lakini akishakaza neno, limekaza. Binti yao wa pekee, Lynae, hufundisha darasa la nne katika shule ileile aliyosoma baba yake. Kila Jumatano akitoka kazini alipitia kwa wazazi wake, na Marlys alimtengea supu nzito ya nyama na maharage pamoja na mkate mtamu wa mdalasini, kama tulavyo sote hapa jimboni Iowa tangu utotoni.

"Haya mwalimu," Duane alikuwa akimchokoza, "leo umewaliza wangapi?"

"Mmoja tu, baba. Mjukuu wa rafiki yako Gerrit. Kugawanya kumemshinda, kama kulivyomshinda babu yake."

Duane alicheka hadi supu ikampalia. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Basi ukaja mwaka wa mchujo, chama kikitafuta mgombea wake wa urais. Nanyi mnajua mchujo wa kwetu ulivyokuwa wakati ule. Hakuna karatasi ya siri wala sanduku. Jioni moja ya baridi kali watu wa chama hukusanyika katika ukumbi wa shule, kila mtu akaenda kusimama pembe ya mgombea wake, mbele ya macho ya jirani, ya muuza mbegu na ya mchungaji wa kanisa lake, wakahesabiwa kwa vichwa. Pembe isiyofikisha watu kumi na watano katika kila mia huvunjwa.

Duane alimpenda Gavana Whitcomb, tena akateuliwa kuwa kiongozi wa pembe yake. Lynae alimpenda Seneta Renfro. Chama kimoja, nyumba moja, watu wawili. Je, hilo ni kosa? Hata kidogo! Kosa lilikuja na redio.

Wakati wa baridi ardhi huganda, mkulima hana la kufanya ila kukaa bandani akitengeneza mashine zake. Duane alikaa bandani tangu asubuhi hadi jioni na redio ikimsemea sikioni. Mtangazaji alikuwa Brock Tatum, mtu mwenye sauti tamu na roho ya kuuza. Kwa Brock, Renfro akikohoa ni mgonjwa, hafai kuongoza. Whitcomb akikohoa, maskini, amechoka kwa kuwatumikia wananchi. Wafuasi wa Renfro hawakuwa watu wenye mawazo yao, walikuwa "wasaliti wanaokula chama kutoka ndani." Mwezi mmoja wa maneno hayo, saa nane kwa siku! Hata jiwe lingeamini.

Na Lynae hakuwa malaika. Simu yake nayo ilikuwa na kurasa zake, na kurasa hizo zilimwita Whitcomb kikongwe aliyesahau hata njia ya chooni. Lynae alizisoma, akazicheka, akawatumia wenzake.

Jumatano moja Duane aliiona mojawapo mezani, simu ikiwa wazi kando ya bakuli.

"Kikongwe?" aliuliza. "Whitcomb tumezaliwa mwaka mmoja. Kwa hiyo na mimi ni kikongwe?"

"Baba, huo ni utani tu."

"Utani wa wasaliti."

"Umesemaje?"

"Nimesema wasaliti. Brock anawajua nyinyi vizuri."

"Brock!" Lynae alisimama. "Baba, huyo Brock ndiye aliyenizaa, au ni wewe?"

"Kaeni chini nyote wawili," Marlys alisema. "Chakula kinapoa."

Hakuna aliyekaa. Lynae alivaa koti lake akaondoka, na Duane akaenda bandani akiwa amefura kwa hasira. Redio ilikuwa ikiwaalika wasikilizaji wapige simu. Akapiga. Wahenga walituambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mtu mwenye hasira ana masikio ya nini?

"Duane wa Harlow Creek, uko hewani!" Brock alishangilia. "Tupe moyo wako, mzee."

"Moyo wangu una uchungu," Duane alisema. "Binti yangu mwenyewe amemezwa na watu wa Renfro. Ni mwalimu, mwalimu mzuri sana, sitamvunjia heshima kwa hilo. Lakini amebandika stika ya Renfro kwenye gari lake."

"Mwalimu! Na gari hilo analiegesha shuleni?"

"Sasa aliegeshe wapi? Ndiko anakofanya kazi."

"Na watoto wanaiona hiyo stika?"

"Si wana macho," Duane alijibu, akacheka kidogo kwa jibu lake.

Alikata simu akiwa amepoa, kama mtu aliyetua mzigo. Hakujua kwamba amemwaga mtama penye kuku wengi.

Kesho yake asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mashine ya kupandia, aliisikia sauti yake mwenyewe redioni. Ilikuwa imekatwakatwa. Yale maneno "mwalimu mzuri sana" hayakuwamo. Brock alinguruma: "Wazazi wa Harlow Creek, mwalimu anawalisha watoto wenu siasa za Renfro darasani! Nani anasema? Baba yake mzazi!" Kisha ikafuata sauti ya Duane: "Binti yangu mwenyewe amemezwa na watu wa Renfro. Ni mwalimu." Halafu: "Si wana macho." Na kicheko chake mwisho.

"Sikusema hivyo," Duane aliiambia redio. "We bwana, sikusema hivyo!"

Redio haikumjibu, ikaingia matangazo ya mbolea.

Kufikia mchana simu ya shule haikupumzika. Kufikia jioni televisheni ya mji mkubwa ilikuwa imeirudia habari ileile bila kumuuliza mtu yeyote. Bodi ya shule ikamtaka Lynae akae nyumbani, ikapanga kikao Alhamisi, siku tatu baada ya mchujo, kuamua kama atafukuzwa kazi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Verna Kool, mama mwenye msimamo, mfuasi mkubwa wa Whitcomb. Ndugu zangu, miaka kumi na moja ya ualimu ilikuwa inaning'inia kwa sentensi tatu za baba.

Duane alimpigia Brock simu. "Umekata maneno yangu. Rekebisha. Sema nilisema ni mwalimu mzuri."

"Mzee wangu," Brock alisema kwa ule utamu wake, "wasikilizaji hawajawahi kuwa wengi kama wiki hii. Mchujo ukipita tutaona."

"Mchujo ukipita mwanangu atakuwa hana kazi!"

"Basi tutamhoji. Itakuwa habari nzuri sana."

Duane aliiweka simu chini polepole. Nawaambia, mtu yule alikaa juu ya ndoo pale bandani akalia. Kilichomuumiza zaidi ni hesabu aliyoifanya kichwani mwake: kama Brock ameweza kuyapindua maneno yangu mimi, niliyeyasema kwa mdomo wangu, je, yale ya Renfro niliyoyameza mwezi mzima yalipinduliwa mangapi?

Alikwenda hadi kwa Lynae, akagonga. Lynae alifungua mlango nusu.

"Mwanangu, wamenikata maneno."

"Najua, baba. Lakini maneno ya kukatwa uliwapelekea wewe."

Lynae hakumkaribisha ndani.

Jumatatu jioni, saa moja, ukumbi ulijaa. Tulihesabiwa watu mia tatu na ishirini, kwa hiyo kila pembe ilihitaji watu arobaini na wanane. Pembe ya Renfro ilifurika. Pembe ya Whitcomb ilikuwa na hamsini na mmoja, Duane mbele yao na Marlys kando yake, mwenye huzuni. Lynae alisimama upande wa pili wa ukumbi, na wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wakimpita bila kumsalimu.

Desturi yetu ni kwamba kabla ya hesabu ya mwisho kila kiongozi wa pembe hupewa dakika mbili za kumnadi mgombea wake. Verna Kool alimnong'oneza Duane: "Tumezidi watatu tu. Sema vizuri, usituharibie."

Duane alishika kipaza sauti. Kofia aliivua.

"Mimi ni mtu wa Whitcomb," alianza, na pembe yake ikampigia makofi. "Lakini dakika hizi mbili sitamsemea Whitcomb. Namsemea binti yangu."

Akaugeukia ukumbi mzima.

"Mmenisikia redioni. Kilichorushwa kilikatwa. Nilisema Lynae ni mwalimu mzuri sana, wakalitupa hilo. Sikusema hata mara moja kwamba anafundisha siasa darasani. Nilisema ana stika kwenye gari. Na mimi gari langu lina stika ya Whitcomb, tena kila Ijumaa naliegesha shuleni nikipeleka mahindi ya bisi kwenye mechi. Mbona hamjanishtaki? Na mbona watoto wenu hawajawa wafuasi wa Whitcomb?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

"Aliyewaambia kwamba Lynae anawaharibia watoto ni Brock Tatum, na Brock hajawahi kukanyaga Harlow Creek. Nyinyi mnamjua Lynae. Mjukuu wako, Gerrit, nani anayebaki naye baada ya masomo kumfundisha kugawanya? Mnamjua, halafu mkamwamini mtu wa redio. Lakini siwalaumu. Mimi ndiye baba yake, na mimi ndiye niliyeanza. Nilipiga simu kwa hasira nikamuuza mwanangu. Lynae, nisamehe."

"Dakika zimekwisha," alisema mshika kengele ya muda, kwa sauti ndogo.

Kukawa na mtafaruku katika pembe ya Whitcomb. "Umepoteza dakika zetu!" alifoka mmoja. "Msaliti!" alisema mwingine, akavaa koti akatoka, na wawili wakamfuata. Watatu wengine walihamia kwa Renfro wakiwa wameinamisha vichwa kwa aibu. Wakabaki arobaini na watano. Mhesabuji akatangaza kwamba pembe ya Whitcomb imevunjika.

Kwa kawaida pembe ikivunjika watu wa pembe nyingine huikimbilia kama wachuuzi stendi: njoo kwetu, njoo kwetu! Walikuja kweli, na wengi waliondoka nao. Duane alibaki palepale alipokuwa. Marlys alibaki naye. Ndipo Lynae akaja akikatiza ukumbi.

"Usije kunishawishi, mwanangu," Duane alisema, macho yamelowa. "Renfro wako simtaki. Mimi ni wa Whitcomb hata kama tumebaki watatu na upepo."

"Nani anakushawishi?" Lynae alisema. "Huyo kikongwe wako kaa naye. Hata mimi nilikosea kumtukana, nawe ukaumia nikakuona, nikanyamaza." Akasimama kando ya baba yake, bega kwa bega.

Kiongozi wa pembe ya Renfro alipiga kelele kutoka ng'ambo: "Lynae! Hesabu inaanza! Ukikaa huko hatutakuhesabu!"

"Basi msinihesabu!" Lynae aliita. "Niko na baba."

Duane alimshika bintiye mkono, na Marlys akawakumbatia wote wawili huku akiwagombeza kwamba wamemtesa wiki nzima.

Verna Kool alikuwa bado amesimama hatua mbili nyuma yao, koti mkononi. "Duane," alisema, "umenipotezea mgombea."

"Najua, Verna."

"Alhamisi njoo kwenye kikao. Uyarudie hayo hayo mbele ya bodi."

Aliyarudia. Kikao kilichukua dakika kumi na mbili, na Ijumaa asubuhi Lynae alikuwa mbele ya darasa lake la nne. Redio ya Brock haikusema lolote, kwa sababu mwalimu aliyerudi kazini si habari. Na kama mnataka kujua mwisho wa ule mchujo, Whitcomb alishindwa, Renfro naye akashindwa, chama kikamteua mtu wa jimbo jingine kabisa ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyesimama katika pembe yake. Duane na Lynae bado hubishana kila Jumatano, tena kwa kelele. Ila siku hizi mabishano yao huishia mezani.

FUNZO

Penda mgombea wako, msimamie, mtetee, ubishe hata sauti ikauke. Hiyo ni haki yako. Lakini usimpe mtangazaji jina la mtu wako. Yeye hula kwa ugomvi, na ugomvi wako ukiisha ataufuata wa mwingine, wewe akuachie majeraha. Ukisikia habari mbaya juu ya jirani yako, nenda ukagonge mlango wake umuulize, maana hakai mbali. Na ukishakosa hadharani, usiende kuomba radhi kichochoroni. Irudishe heshima ya mtu palepale ulipoivunjia, mbele ya watu walewale, hata kama itakugharimu ushindi. Wagombea huja na kupita kila baada ya miaka minne. Mwana hupiti dukani ukanunua mwingine.